Mti wa Kihistoria Umeanguka: Kwa Nini Gogo Halichongwi Kesho Yake

Usiku wa tarehe 24 Mei 2023, mvua ya upepo mkali iliuangusha msufi uliokuwa umesimama kwa mamia ya miaka katikati ya Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Ulikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Simulizi za mji huo zinasema kwamba watu waliotoka utumwani na kufika pale mwaka 1792 walikusanyika chini yake kumshukuru Mungu, na ndiyo maana picha yake iliwekwa kwenye noti na stempu za nchi. Asubuhi palibaki kisiki na vipande vya mti vilivyotapakaa barabarani.

Habari kama hii ikitoka, mahali popote duniani, mabishano huwa ni yaleyale. Mmoja anataka gogo lichongwe sanamu haraka kabla halijaoza. Mwingine anasema kuligusa ni kuuza historia. Wa tatu anauliza kwa nini kila familia isipewe kipande chake. Kisha miezi inapita, hakuna sanamu wala kiti, na lawama zinaanza: mbao zimeibwa, wasanii wamelala, wakubwa wamegawana. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda, na naona chanzo chake ni kimoja. Watu wengi hawajapata kuelezwa kinachotokea kati ya siku mti unapoanguka na siku kazi ya sanaa inapofunuliwa. Ni safari ndefu, na sehemu yake muhimu zaidi hufanyika kabla msanii hajashika patasi.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mti wa kihistoria si lazima uwe mti mkongwe. Ni mti ambao watu wameufungamanisha na tukio, mtu au mahali, kiasi kwamba ukiondoka wanahisi wamepungukiwa. Ule mti wa Sycamore Gap, kaskazini mwa Uingereza, ulipandwa karne ya 19 tu, lakini ulikuwa umesimama peke yake kwenye bonde kando ya Ukuta wa Hadrian, ngome ya kale ya Warumi, ukapigwa picha na kupendwa na mamilioni. Ulipokatwa kwa msumeno usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023, nchi nzima ilishtuka, na mwaka 2025 wanaume wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka 4 na miezi 3 kila mmoja.

Kazi ya ukumbusho nayo ni kitu kilichotengenezwa kwa makusudi kutokana na mbao za mti huo ili habari yake iendelee kusimuliwa. Inaweza kuwa sanamu, meza, ala ya muziki, au chapa ya wino kwenye karatasi. Iko tofauti na masalio, yaani kipande kilichohifadhiwa jinsi kilivyo, na iko tofauti na zawadi ndogondogo zinazouzwa kwa wageni. Vitu hivi vitatu vinaweza kutoka kwenye gogo moja, lakini kila kimoja kina kanuni zake, na ugomvi mwingi huzuka pale vinapochanganywa.

Gogo bichi lina maji kuliko unavyodhani

Hoja ya "lichongwe haraka" ina mantiki kwa mbali, maana kweli mbao zinaoza. Lakini gogo lililoanguka jana limejaa maji. Katika aina nyingi za miti, maji yaliyomo kwenye gogo bichi yanakaribia uzito wa mbao yenyewe ikiwa imekauka, na katika aina nyingine yanauzidi. Meza au sanamu itakayokaa ndani ya jengo inatakiwa kubaki na unyevu wa asilimia 8 hadi 12 hivi. Maji yote ya ziada lazima yatoke, na namna yanavyotoka ndiyo inayoamua kama kazi itadumu.

Fikiria tofali bichi la udongo lililoachwa kwenye jua kali. Ngozi yake ya nje inakauka na kutaka kunywea, lakini ndani bado pamejaa maji na hapanywei. Nje haina pa kwenda, basi inapasuka. Gogo hufanya hivyohivyo, na lina tatizo la ziada ambalo tofali halina: halinywei sawa pande zote. Kwa kufuata mduara wa pete zake za ukuaji, mbao hunywea karibu mara mbili ya inavyonywea kutoka kiini kuelekea gome. Ndiyo maana kipande cha mviringo kilichokatwa kama sahani kutoka kwenye shina, kile ambacho kila mtu angependa kukiona ukutani, karibu siku zote hupasuka ufa mmoja mpana kutoka ukingoni hadi katikati. Ufa huo hauonyeshi uzembe wa fundi. Ni mbao inayotii umbile lake.

Mafundi wana njia za kukabiliana na hali hiyo. Siku za mwanzo hupaka nta au rangi nzito kwenye ncha za gogo, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavuni. Kisha gogo hupasuliwa mbao, na mbao hupangwa kivulini zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite kati yake. Mafundi wengi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ubao wa sentimita 10, basi, unaweza kuhitaji miaka minne. Tanuri la kukaushia hufupisha muda, lakini joto lake likizidi kwa mbao nene na kongwe, zinapasuka kwa ndani pasipo mtu kuona. Kipande kinachotakiwa kubaki kizima kinaweza kulowekwa kwenye kemikali ya polietilini glaikoli, ambayo huingia kwenye kuta za chembe za mbao na kushika nafasi ya maji. Meli ya kivita ya Uswidi iitwayo Vasa, iliyozama mwaka 1628 na kuopolewa mwaka 1961, ilinyunyiziwa kemikali hiyo kwa miaka 17.

Kwa hiyo ukisikia kwamba miaka miwili imepita tangu mti uanguke na hakuna kilichochongwa, usikimbilie kuhisi wizi. Uliza swali jingine: mbao ziko wapi, nani anazitunza, na je, zimepangwa kivulini au zimetupwa uani zinanyeshewa? Mbao iliyorundikwa udongoni hupoteza miezi yake bure. Ukungu unaitia madoa, dumuzi wanaitoboa, na msanii anapokuja kuitwa anakabidhiwa uozo.

Uzee wa mti haufanyi mbao kuwa nzuri

Hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi. Watu hudhani mti wa miaka 400 una mbao imara kuliko mingine yote. Mara nyingi ni kinyume. Mti ukizeeka, kiini chake, ambacho hakina uhai tena, huliwa na kuvu, na shina hubaki kama bomba. Mwaloni wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani, ulipata umaarufu kwa sababu hiyo hasa: simulizi inasema kwamba mwaka 1687 wakoloni wa pale waliificha hati yao ya kujitawala ndani ya uwazi wa shina lake ili mjumbe wa mfalme wa Uingereza asiichukue. Uwazi ulioulinda waraka ndio uliokuja kuudhoofisha mti. Dhoruba iliuangusha tarehe 21 Agosti 1856. Siku hiyo bendi ilipiga nyimbo za maombolezo mbele ya shina lililolala.

Mti mwingine, ule ulioitwa Mti wa Uhuru katika chuo cha St. John's mjini Annapolis, Maryland, uwazi wake ulijazwa zege mwanzoni mwa karne ya 20 ili usianguke. Mwenye msumeno anajua maana yake. Miti iliyoishi karibu na watu ina misumari, nyaya za uzio, ndoano, hata risasi, vyote vikiwa vimemezwa na gome tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Fundi makini hupitisha kifaa cha kutambua chuma kwenye kila futi ya gogo kabla ya kuwasha mashine. Katika mwaloni chuma hutoa ishara yake pia: kikikutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, huacha doa la bluu iliyoiva hadi weusi linalosambaa kwa kufuata nyuzi. Seremala wa kawaida angeukata ubao huo na kuutupa. Msanii wa kazi ya ukumbusho anapaswa kufikiri mara mbili, kwa kuwa doa hilo linaweza kuwa alama ya tangazo lililopigiliwa pale na mtu fulani miaka 100 iliyopita.

Aina ya mti nayo inaamua mengi. Mwaloni ni mgumu na unavumilia. Msufi kama ule wa Freetown ni mwepesi mno, unafaa kwa mitumbwi na mbao za kubandika, lakini ukilala chini kwenye unyevu huanza kuharibika mapema. Mtu anayedai kwamba msufi wote ungegeuzwa viti vya bunge anadai jambo ambalo mbao yenyewe haiwezi kulitimiza. Mbuyu ni mgumu zaidi kuutendea kazi, si kwa ukakamavu wake bali kwa ulaini: una maji mengi na nyuzi nyingi, hautoi ubao wa maana, na ukifa huporomoka ukawa lundo la nyuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi inayojulikana Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeporomoka ndani ya miaka 12 tu. Anayetaka kuikumbuka mibuyu hiyo kwa sanaa atafanya vyema kuwaza kamba, ufumaji na karatasi, aachane na wazo la patasi na nyundo.

Msanii anafanya nini hasa

Akishapata mbao iliyokauka, msanii ana swali moja kubwa: aiache mbao ionekane kama mti, au aigeuze kuwa kitu kingine? Katika swali hili nina upande wangu. Kazi zinazonigusa ni zile ambazo ukizitazama unaujua mti vizuri kuliko ulivyoujua ukiwa umesimama.

Mfano ambao siuchoki ni wa Mwitalia Giuseppe Penone. Mwezi Desemba 1999 dhoruba ilipita Ufaransa na kuangusha zaidi ya miti 10,000 katika bustani za kasri la Versailles. Penone alichukua shina la mwerezi mmojawapo na kulifanyia kazi kati ya mwaka 2000 na 2003. Njia yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Mti kila mwaka huvaa koti jipya la mbao juu ya koti la mwaka uliopita, na makoti hayo ndiyo pete tunazoziona shina likikatwa. Penone huchagua pete moja, kisha anaondoa kwa patasi mbao zote zilizokua baada yake, akiifuata pete hiyo kwa urefu wa shina, ikipinda anapinda nayo. Akikuta kifundo hakikati, kwa kuwa kifundo ni shina la tawi lililoanzia ndani. Analichonga kuelekea nje na tawi linatokea tena pale lilipokuwa. Kwenye mwerezi wa Versailles aliacha gome na umbo la nje jinsi lilivyo, akafungua shina ubavuni kama mlango, na ndani yake ukasimama mti mwembamba wenye vitawi: mwerezi uleule ulipokuwa kijana. Kazi hiyo iko katika jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto. Hakuna bamba la maandishi linaloweza kumweleza mtu umri wa mti kwa namna hiyo.

Njia nyingine inayoheshimu pete ni uchapaji. Uso wa kipande cha shina hulainishwa kwa msasa, kisha huunguzwa kidogo au kusuguliwa kwa brashi ya waya. Mbao iliyokua mwanzoni mwa msimu ni laini, hivyo huliwa na kubonyea. Ile ya mwisho wa msimu ni ngumu, hubaki imeinuka. Wino hupakwa juu, karatasi hulazwa, na mkono huisugua taratibu hadi kila mstari unapojitokeza. Kipande kimoja kinatoa chapa nyingi bila kupungua. Mbao za Sycamore Gap zilitumika hivyo: mchapaji alipewa kipande, akatoa chapa za pete zake. Kwa anayelilia kwamba kila mtu apate chochote, hii ndiyo njia ya haki kuliko kukatakata gogo vipande vidogovidogo. Ufa nao huchapwa ukaonekana kama mstari mweupe, na hakuna sababu ya kuuficha.

Ala za muziki zina mvuto wake. Mti wa Uhuru wa Annapolis ulipasuliwa na kimbunga Floyd mwezi Septemba 1999, na mwezi uliofuata ikabidi ukatwe. Kampuni ya Taylor ikatumia mbao zake kutengeneza magitaa 400. Ni kazi nzuri, lakini imekwenda kwa watu 400 wenye uwezo wa kuinunua. Jambo hilo linanisumbua kidogo kwa mti ambao watu walikuwa wakikutana chini yake bila kiingilio. Huko huko Maryland, mwaloni mkubwa wa Wye ulianguka katika dhoruba ya tarehe 6 Juni 2002, na baadhi ya mbao zake zikawa meza ya gavana wa jimbo. Meza hiyo ni mali ya umma, ingawa wanaoiona ni wachache.

Kazi niionayo kuwa ya busara kuliko zote katika kundi hili ilitumia mbao kidogo kabisa. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilipofagia pwani ya Rikuzentakata, Japani, kati ya misonobari 70,000 ulibaki mmoja umesimama. Fundi wa fidla Nakazawa Muneyuki alikusanya mbao zilizosombwa na maji, mabaki ya nyumba na miti, akatengeneza fidla kwa mbao hizo na kuchora msonobari ule mgongoni. Kipande kutoka kwenye msonobari wenyewe alikiweka mahali pamoja tu: kile kijiti kinachosimama ndani ya fidla kati ya ubao wa juu na wa chini, kinachopokea mtetemo wa nyuzi na kuupeleka mwilini mwote. Hakionekani, lakini ukikiondoa, sauti inakufa. Msonobari wenyewe chumvi ya bahari iliuua. Mwaka 2012 ulikatwa, ukatobolewa kwa ndani na kutiwa mhimili, ukawekewa majani ya bandia na kusimamishwa tena mahali pake. Wapo waliolalamikia gharama, na siwalaumu. Mji uliopoteza watu wengi namna ile ulitaka kitu kilichosimama, na hilo pia naliheshimu.

Utajuaje kwamba mbao ni ya mti huo?

Hapa ndipo pana hatari kubwa kwa mnunuzi, na historia imeshatuonyesha inavyokuwa. Mwaka 1756, mchungaji Francis Gastrell, aliyekuwa akimiliki nyumba iliyojengwa mahali palipokuwa na nyumba ya mwandishi wa tamthilia Shakespeare mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza, aliukata mforosadi ulioaminika kupandwa na Shakespeare mwenyewe. Alichoshwa na wageni waliokuja kuutazama. Fundi saa mmoja, Thomas Sharpe, akanunua sehemu kubwa ya mbao hizo na kwa miaka zaidi ya 40 akauza visanduku, vikombe na vitu vingine vidogo. Vikawa vingi kiasi kwamba watu walianza kuuliza mti mmoja unawezaje kuzaa vyote hivyo. Mwaka 1799, akikaribia kufa, Sharpe aliapa mbele ya mashahidi kwamba hakuwahi kuuza kipande kisicho cha mti ule. Kiapo hicho hakikumaliza maswali. Kwa upande mwingine, kuna kisanduku cha mforosadi kilichochongwa na Thomas Davies na kukabidhiwa mwigizaji David Garrick mwaka 1769, ambacho sasa kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hicho kina tarehe, aliyetoa, aliyepokea na sababu ya kutolewa. Mbao ni za aina moja; kinachovitenganisha ni karatasi.

Mwaloni wa Hartford ulipata masaibu hayohayo. Kuna kiti cha heshima cha spika wa Seneti ya Connecticut kilichotengenezwa kwa mbao zake, nacho kina historia inayojulikana. Lakini vitu vilivyodaiwa kutoka kwenye mti huo viliongezeka hadi mwandishi Mark Twain, aliyeishi mjini humo, akatania kwamba mbao zake zingetosha kutandika barabara kutoka Hartford hadi Salt Lake City.

Wengi hudhani kwamba leo sayansi imelimaliza tatizo hili. Haijalimaliza. Hadubini inaweza kusema mbao ni ya mwaloni au ya msonobari, lakini haiwezi kusema ni mwaloni upi. Pete zinaweza kulinganishwa na za kisiki kama zipo za kutosha na zinasomeka. Katika miti mingi ya tropiki, isiyopitia majira ya baridi, pete hazieleweki vizuri na wanasayansi hulazimika kupima kaboni ili kujua umri. Vinasaba vinaweza kulinganishwa na vya kisiki, lakini mbao kavu iliyopakwa vanishi haitoi vinasaba kwa urahisi. Kinachobaki ni kumbukumbu iliyowekwa tangu siku ya kwanza: kila gogo linapigwa picha pale lilipolala, linapewa namba, linapimwa, na kila kipande kinachotoka kinaandikwa kimetoka gogo namba ngapi na kimekwenda kwa nani. Ndiyo maana nimesema sehemu muhimu hufanyika kabla ya patasi. Jiji lisilofanya kazi hii ya ukarani katika wiki ya kwanza haliwezi kuifanya tena, na kila msanii mwaminifu atakayekuja atabeba shaka isiyo yake. Mtu akikuletea kipande akidai ni cha mti fulani mashuhuri, muulize namba yake na aliyekitoa. Cheti kizuri chenye mhuri lakini kisichotaja gogo wala mtunzaji hakikuambii kitu.

Umiliki nao unachanganya watu. Mti mliozoea kuuita wenu kwa kuwa mnapita chini yake kila siku una mwenyewe kisheria: aliye na ardhi, iwe ni jiji, taasisi, chuo au mtu binafsi. Sycamore Gap, kwa mfano, ulikuwa mali ya National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi, na kwa kuwa ulikatwa kwa uhalifu, polisi na mahakama nao walihusika. Kuchukua tawi kwa mapenzi, hata kama ni la kuweka sebuleni, kunaweza kuhesabiwa wizi. Hata hivyo haki ya kisheria haitoshi. Naamini mwenye mti mwenye busara hukaa na watu kabla ya kukaa na wasanii, awaulize wanataka kukumbuka nini. Wengine wanakumbuka tukio la taifa. Wengine wanakumbuka kwamba walichumbiana pale, au walimwaga majivu ya mzazi wao chini ya kivuli hicho. Kazi moja haiwezi kubeba yote, na ni heri kulisema hilo mapema.

Wapo pia wanaosema gogo liachwe lioze mahali pake. Hawa wasibezwe. Gogo linalooza hulisha kuvu, mende na ndege kwa miongo mingi, na rutuba yake hurudi udongoni. Kuchagua kati ya msitu na jumba la makumbusho si lazima: matawi na sehemu zilizokwisha kuliwa, ambazo hazimfai msanii, zinaweza kubaki pale pale zikalisha viumbe hivyo.

Kuna dhana nyingine inayoumiza watu bure, kwamba mti ukianguka umekwisha. Mtufaa wa Isaac Newton huko Woolsthorpe, Uingereza, uliangushwa na dhoruba mwanzoni mwa karne ya 19. Mbao zake zikatengenezewa visanduku vya ugoro, na kipande kimoja kinachomilikiwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, kilipelekwa angani mwaka 2010 ndani ya chombo cha Atlantis. Lakini shina lililolala lilitoa mizizi upya, na mti upo hadi leo. Kisiki cha Sycamore Gap kilichipua mwaka 2024, na kutokana na mbegu na vikonyo, yaani vijitawi vya kupandikiza, vilivyookolewa imepatikana miche 49 ya kupelekwa sehemu mbalimbali, mmoja kwa kila futi ya urefu wa mti ulipokatwa. Vikonyo vya mwaloni wa Wye vilikuwa vimeunganishwa kwenye miche mingine kabla haujaanguka. Vikonyo haviwezi kungoja, tofauti na mbao. Vinatakiwa kukatwa ndani ya siku chache, na hii ndiyo haraka pekee iliyo ya kweli katika jambo hili zima.

Ninachoomba kisisahaulike pale magogo yanapogawanywa ni kipande kimoja kisichopewa msanii yeyote: sahani nzima ya shina, kutoka gome hadi kiini, iliyokaushwa polepole, ikapewa namba na kuwekwa kwenye ghala la makumbusho bila rangi wala vanishi. Pete zake zinatunza habari za miaka ya ukame, ya mvua na ya moto, na vanishi ikishapita juu yake wapimaji wa vinasaba na kaboni wanapata taabu kuisoma. Wapewe wasanii gogo lote lililobaki.